Celica iliyoyumba kwenye lami: jibu lilikuwa ubavuni mwa mpira

Gari yangu, Toyota Celica iliyotoka Japani kupitia Dar es Salaam, ilikuwa inayumba kwenye njia ya Lubumbashi–Likasi. Kona kidogo tu, nyuma inachelewa kufuata. Jua la Oktoba likiwaka ndiyo inazidi. Tulifanya paralelismu (kunyoosha magurudumu), tukarudia ekilibraje (kusawazisha uzito wa magurudumu), tukabadilisha amortisa (shokomzoba). Bure.

Kwenye komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, fundi mmoja mzee wa mipira aliinama akapangusa vumbi ubavuni. Pakasomeka STUDLESS. Hiyo ni mipira ya theluji! Raba yake hutengenezwa laini makusudi, isikakamae joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Kwenye lami ya moto inalegea, vijivipande vya uso wake vinapindapinda, na inaisha upesi. Mipira ya Ulaya mara nyingi ina alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Okazioni (mipira iliyokwisha kutumika) za namna hiyo zinaonekana nzuri mno kwa macho, kwa hiyo pangusa kwanza.

Nikatafuta mipira ya kiangazi, yote minne ya aina moja, saizi ileile ya kibandiko cha mlangoni. Halafu soma tarakimu 4 za mwisho za DOT, namba ya ubavuni inayoonyesha mpira ulitengenezwa lini: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Seti ya kwanza ilikuwa inang'aa kweli, lakini iliandikwa 0912, yaani ya 2012, imezeeka mno. Nikaiacha, nikachukua nyingine.

Upepo nilijaza asubuhi, mipira ikiwa bado baridi. Gari imetulia, hata mvua ikinyesha.