Mtoto wa nyuma ya mlango

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwaka 1973 mwandishi wa Marekani, Ursula K. Le Guin, alitoa hadithi fupi ya mji wa Omelas, kando ya bahari. Hauna mfalme wala watumwa. Kiangazi kikiingia, watu hujaa barabarani kwa muziki na mbio za farasi. Ila raha yote hiyo inategemea mtoto mmoja aliyefungiwa kwenye chumba cha chini, kichafu, kisicho na dirisha. Hupewa nusu bakuli ya unga wa mahindi na mafuta kwa siku. Watu wote wanajua. Akitolewa tu, neema ya mji inakwisha siku hiyohiyo. Wengi hulia, halafu huzoea. Wachache huuhama mji, mmoja mmoja, wasirudi.

Kayafa alishayasema haya (Yohana 11:50): yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu. Naye alikuwa kuhani mkuu.

Alhamisi iliyopita ibada ya nyumbani ilikuwa Kirumba, Mwanza. Tuliimba mpaka jua likazama ziwani, tukala sangara wa kukaanga. Aliyetunawisha mikono ni binti wa kazi kutoka visiwani. Sidhani kama amefika miaka 13. Tulipofumba macho kuwaombea watoto wetu wa darasa la saba, nyuma ya pazia nilisikia sufuria zikisuguliwa. Rika lao huyo! Na mimi nikasema amina, wala sikuwa nimemuuliza jina.

Wale wanaouhama Omelas nawaheshimu, lakini wananisumbua, kwa sababu mlango wameuacha umefungwa. Mchungaji wa Mathayo 18 naye aliondoka, akawaacha kondoo tisini na tisa milimani, ila miguu yake ilikuwa inamfuata yule mmoja aliyepotea. Bwana wetu hakukaa mbali na uchafu wa chumba chetu. Aliingia.

Jumamosi nilirudi Kirumba. Jina la yule binti sasa nalijua, nalihifadhi kwa heshima yake. Aliachia darasa la nne. Mama mwenyeji alilia, hakukasirika, Mungu ambariki. Tukawapigia wazazi simu palepale. Shule ya jirani ina darasa la MEMKWA, yaani elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, na Jumatatu tunampeleka kuandikishwa. Bado sare, madaftari na viatu. Mwenye chochote anione kabla ya ibada.