Miaka Minane Iliyoongezwa Philadelphia

Jioni hii nimerudi kwenye kumbukumbu alizoandika James Madison, mjumbe wa Virginia, za mkutano wa katiba ya Marekani uliofanyika Philadelphia mwaka 1787, na sikuvuka tarehe 25 Agosti. Kamati ilikuwa imependekeza Bunge lisiwe na mamlaka ya kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1800. Charles Cotesworth Pinckney wa South Carolina akataka mwaka huo ufutwe, uandikwe 1808. Aliyemuunga mkono hakutoka kusini kwenye mashamba ya mpunga. Alikuwa Nathaniel Gorham wa Massachusetts. Madison, ambaye naye alimiliki watumwa, alionya kwamba miaka ishirini ingetosha kuleta madhara yote yaliyohofiwa. Kura zikapigwa: majimbo saba yakakubali, manne yakakataa.

Massachusetts ilifuata nini humo? Jibu limo katika ripoti ya kamati ileile. Wenye meli wa kaskazini walitaka sheria za usafiri wa baharini zipitishwe kwa wingi wa kawaida wa kura, na wajumbe wa kusini, waliokuwa wameng'ang'ania theluthi mbili, wakalegeza kamba. Siku nne baadaye Pinckney alitamka wazi kikaoni kwamba majimbo ya mashariki, yaani Massachusetts na jirani zake, yalikuwa yamewatendea wema. Ile hesabu ya tatu ya tano, ya kuhesabu watumwa watano kama watu watatu, iliyowaongezea mabwana viti bungeni kwa vichwa vya watu wasiopiga kura, ndiyo hutajwa zaidi, na inastahili, lakini mimi huu mwaka wa 1808 ndio unaonikera. Hata ukawekewa ulinzi katika ibara ya tano, kwamba kabla haujafika, kifungu hicho kisiguswe na marekebisho yoyote ya katiba.

Husemwa kwamba bila maridhiano hayo muungano usingepatikana, kwa kuwa South Carolina na Georgia zilitishia kujitoa. Huenda. Ila anayeridhiana hutoa kilicho chake, na hapa kilichotolewa kilikuwa maisha ya watu wasiokuwa na mjumbe hata mmoja ukumbini.

South Carolina, iliyokuwa imeisitisha yenyewe biashara ya kuingiza watumwa mwaka 1787, iliifungua tena mwishoni mwa 1803, na hadi kufikia mwisho wa 1807 Waafrika wapatao 40,000 walikuwa wameteremshwa katika bandari ya Charleston. Wote hao waliingia ndani ya ile miaka minane.