Kutenganisha athari ya shaba na athari ya asidi kwa bakteria wa udongo wa Penga Penga

Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi upepo wa kusini-mashariki ulisukuma moshi wake hadi eneo la Penga Penga, ambako miti ya miombo ilitoweka na udongo ukajaa shaba, zinki, risasi na kadimi. Nilitaka kujua kama aina za bakteria waliosalia humo ni chache kuliko za udongo ambao moshi haukuufikia.

Kuchota udongo ni kazi nyepesi; ugumu uko katika kulinganisha. Moshi huo ulibeba pia gesi ya salfa iliyoongeza asidi ardhini, na pH, yaani kipimo cha asidi, ina nguvu kubwa mno juu ya wingi wa aina za bakteria, kiasi kwamba anayelinganisha Penga Penga na msitu wowote safi hawezi kusema kama tofauti aliyoiona imeletwa na shaba au na asidi. Kwa hiyo nilichota kwa kufuata mwelekeo wa upepo, nikapima pH ya kila sampuli, kisha nikalinganisha zile tu zilizokaribiana kwa pH na kwa kiasi cha mfinyanzi.

Vilinifaa zaidi viwanja vya majaribio vilivyotiwa chokaa na mboji ili kuoteshwa Microchloa altera, nyasi inayostahimili shaba. Lakini chokaa, pamoja na kupunguza asidi, huifunga shaba isiyeyuke majini, hivyo jumla ya shaba pekee ingenidanganya. Nilipima pia ile inayotoka kwa mmumunyo hafifu wa kloridi ya kalsiamu, ambayo ndiyo inayokaribia kile kinachomgusa bakteria.

Maabarani, aina za bakteria hutambuliwa kwa kunakili na kusoma DNA yao, lakini shaba huzuia kimeng'enya cha kunakilisha DNA, nao mfinyanzi huing'ang'ania DNA hiyo. Nilisuuza udongo kwa EDTA, kemikali inayoshika metali, kabla ya kupasua seli, nikaongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, ambayo protini zake hushika nafasi ambazo DNA ingenasa. Sampuli ambazo awali hazikutoa chochote zikasomeka.

Zilipopangwa kwa pH, idadi ya aina haikushuka sana kadiri shaba ilivyoongezeka. Kilichobadilika waziwazi ni aina zipi zilizokuwapo. Tangu hapo, ripoti inayotaja idadi peke yake naisoma kwa tahadhari, hasa kwa kuwa DNA ya bakteria waliokwisha kufa hudumu udongoni na kuhesabiwa pamoja na ya walio hai.