Mama na viazi vya kwenye gemu

Leo Mbeya mvua toka asubuhi na baridi ile ya Uyole, nimejifunika blanketi nacheza Stardew Valley kwenye simu. Ni gemu la kulima, lilitoka 2016 na jamaa mmoja tu, Eric Barone, ndo kalitengeneza, michoro hadi muziki, mi hiyo peke yake inanifanya nilipende.

Bi mkubwa kaja jana kutoka Umalila, kakaa pembeni yangu kimyaa anaangalia.

Nikapanda viazi.

"Hivyo vinakomaa lini?"

Siku sita mama.

Akanyamaza. Vyake anasubiri miezi mitatu na zaidi, na hapo ugonjwa wa ukungu usipopita navyo.

Kulipokucha kwenye gemu nikakuta kunguru kala mche wangu, mama akashtuka kabisa, "Mwanangu, sanamu ya kutishia ndege hujaweka?"

Akaomba amwagilie yeye. Kidole chake kimepasuka kwa jembe, skrini haikishiki vizuri, anagusa tena, anagusa tena, taratibu, mpaka udongo ukalowa wote.

Hicho kidole nakiwaza hadi saa hizi.

Nyie mnacheza gemu gani siku hizi? Na nani kashawahi kucheza na mzazi wake, nisimulieni jamani.