Mnara Uliobaki Alba de Tormes

Basi la kutoka Salamanca lilinishusha karibu na daraja la mawe la mto Tormes yapata saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Abiria wenzangu wengi walishika njia ya konventi alikofia Mtakatifu Teresa wa Avila mwaka 1582. Mimi nikaupandia mnara.

Nilitaka kuona kilikoota cheo cha Duque wa Alba. Mwaka 1472 mfalme Enrique IV alimpandisha García Álvarez de Toledo, aliyekuwa conde wa mji huu, cheo cha chini zaidi, akamfanya duque, cheo cha juu kabisa cha makabaila wa Hispania. Ukoo ukajenga ngome kubwa hapa juu ya mto, ngome ikaja kuharibiwa zama za vita dhidi ya jeshi la Napoleon. Umebaki mnara mmoja mnene wa mviringo.

Chumba cha juu kimezungukwa na picha za ukutani za vita vya Mühlberg, Ujerumani, vya mwaka 1547, ambako Fernando, duque wa tatu, aliliongoza jeshi la Carlos V, kaisari aliyekuwa pia mfalme wa Hispania. Rangi zimefifia, chokaa imebanduka hapa na pale, ila farasi na mikuki bado unaviona. Nilisimama pale moyo ukiwa mzito. Fernando huyuhuyu alitumwa mwaka 1567 kuzima uasi katika Uholanzi na Ubelgiji za leo, na baraza aliloliunda likawanyonga na kuwakata vichwa watu wapatao elfu moja. Ukuta ule unasimulia ushindi tu.

Kesho yake nikarudi Madrid, nikaingia Palacio de Liria, jumba la ukoo lililofunguliwa kwa wageni mwaka 2019. Humo yumo María Teresa Cayetana, duquesa wa 13, kama mchoraji Mhispania Goya alivyomchora mwaka 1795: gauni jeupe, mshipi mwekundu kiunoni, kidole kimeelekea mchangani palipoandikwa jina la mchoraji. Miguuni pake kuna mbwa mdogo mweupe, naye kafungwa utepe mwekundu mguu wa nyuma. Sikutaka kubanduka pale.

Cheo alikirithi kwa babu yake akiwa na miaka 14, baba ameshafariki na kaka hana. Enzi zile binti alirithi pale tu alipokosekana ndugu wa kiume. Sheria ya kumpa mzaliwa wa kwanza, awe mke au mume, imekuja mwaka 2006. Nasema imechelewa mno. Alifariki mwaka 1802, umri miaka 40, bila mtoto. Cheo kikamwangukia mvulana wa miaka minane wa ukoo wa Fitz-James Stuart, uzao wa James II wa Uingereza kwa mwanawe wa nje ya ndoa. Ndiyo maana maduque wa Alba hadi leo wana jina la Kiingereza.

Jamhuri ya Hispania ya mwaka 1931 iliacha kuvitambua vyeo hivi, navyo vikarudishwa mwaka 1948. Katikati ya hayo, Novemba 1936, Liria iliungua ikabaki kuta. Picha ya Goya ilikuwa imeshahamishwa. Nikairudia kabla ya kutoka, nikasogea hadi kwenye kamba ya kuzuia watu: utepe wa yule mbwa bado mwekundu kabisa.