Nilivyowafunga breki watumaji wa ActiveMQ bila kuzima udhibiti wa mtiririko

Kila niliyemuuliza kuhusu foleni inayoganda kwenye ActiveMQ, seva inayopokea jumbe za programu moja na kuzishikilia hadi nyingine izichukue, alinipa jibu lile lile: "Kaka, weka tu producerFlowControl iwe false, kazi iendelee." Hapa Kampala nimelisikia Ntinda, nimelisikia Nakawa, hata kwa watu wanaolipwa vizuri kujua zaidi. Huo ndio udhibiti wa mtiririko, breki inayomsimamisha mtumaji nafasi ikiisha, na kuuzima hakuongezi nafasi hata baiti moja. Kunahamisha tu mahali pa kujaa, kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye diski, na diski ikijaa balaa lake ni zito kuliko lile ulilolikimbia.

Mfumo wenyewe ni wa karo za shule. Malipo yanaingia kwa mobile money na benki, programu moja inaweka kila malipo kwenye foleni, nyingine inayachukua, inamtumia mzazi SMS na kumwarifu mhasibu wa shule. Miezi mingi foleni iko karibu tupu. Halafu muhula wa kwanza unakaribia kufunguliwa, Kampala nzima inalipa karo wikiendi moja, na lango la SMS linaendelea kupokea kwa kasi yake ya siku zote. Watumaji wanamwaga, wapokeaji wanadonoa.

Seva ni ActiveMQ Classic kwenye mashine ndogo ya kukodi yenye diski ya GB 40. Usanidi uliokuja na programu unaweka `storeUsage`, kikomo cha ghala la jumbe diskini, kuwa 100 gb. Ukiiwasha hivyo kwenye diski ndogo, inaandika onyo kwenye logi kwamba kikomo kimezidi nafasi iliyopo, kisha inajishushia kikomo hadi nafasi yote iliyobaki. Yaani logi, chelezo na kila kitu kingine vinagombea nafasi ambayo seva tayari inaihesabu kuwa yake. Watu wengi hulipita onyo hilo. Mimi niliandika namba zangu, za kumbukumbu, ghala la diski na faili za muda:

`<memoryUsage percentOfJvmHeap="70"/>`
`<storeUsage limit="20 gb"/>`
`<tempUsage limit="4 gb"/>`

Hizo zinakaa ndani ya `systemUsage` kwenye activemq.xml, kila moja katika kifuko chake. Zingatia mpangilio: vipengele vilivyo ndani ya `<broker>` vipangwe kialfabeti, `destinationPolicy` itangulie `systemUsage`, la sivyo seva inaweza kuikataa faili kwa ujumbe wa kosa usioeleweka kichwa wala miguu. Kumbukumbu ya JVM, mashine ya Java inayoendesha seva, inabadilishwa kwenye faili ya bin/env, mstari wa ACTIVEMQ_OPTS_MEMORY. Wanaosema "ongeza RAM" wanajua bei ya kukodi mashine kubwa zaidi, laki kadhaa kwa mwezi, lakini hawajaangalia ni kitu gani hasa kilichojaa.

Hapo ndipo penye utamu. Jumbe za kudumu kwenye foleni, zile zinazoandikwa diskini, kwa kawaida hazimsimamishi mtumaji kwa sababu ya kumbukumbu. Kielekezi cha foleni (cursor), sehemu inayoshika jumbe zinazosubiri kutolewa, kikifika asilimia 70 ya kumbukumbu (ndiyo thamani ya kawaida ya `cursorMemoryHighWaterMark`) kinaacha kushikilia jumbe mpya na kuziacha diskini, zisomwe baadaye. Kwa hiyo unaweza kuiwekea foleni `memoryLimit="1mb"`, kikomo chake cha kumbukumbu, ukasubiri breki, na breki isishike. Jumbe zisizo za kudumu nazo zinasukumwa kwenye faili za muda, kwa hiyo kikomo cha foleni kinaweza kisifikiwe kabisa. Ukitaka zibaki kwenye kumbukumbu na mtumaji asimame kikomo kikifika, weka `vmQueueCursor` kwenye `policyEntry` ya foleni hiyo, yaani kanuni zake ndani ya `destinationPolicy`. Na unapopiga hesabu ya kikomo, kumbuka seva inahesabu baiti 1024 kwa kila ujumbe kabla ya kuongeza maudhui na sifa zake. Ujumbe wa KB 1 unahesabiwa kama KB 2, hivyo 1mb inabeba kama jumbe 500, si 1000.

Kikomo halisi kwetu basi kilikuwa diski. Na diski ilikuwa inajaa hata pale foleni zilipoonekana tupu kwenye dashibodi ya mlango 8161. Chanzo ni foleni ya jumbe zilizoshindikana, ActiveMQ.DLQ. KahaDB, ghala la diski la ActiveMQ, inaandika jumbe kwenye faili za MB 32, na faili haifutwi hadi kila ujumbe uliomo uwe umekiriwa, yaani mpokeaji amethibitisha kuumaliza. Ujumbe mmoja wa namba mbovu ya simu ukienda DLQ na usiguswe na mtu, unaishikilia faili nzima. Dawa ni `mKahaDB`: ipe ActiveMQ.DLQ ghala lake peke yake, foleni nyingine ziwe na lao. Kisha awepo mtu wa kuisafisha hiyo DLQ, maana kuitenga si kuifuta.

Sasa ule mgando wenyewe. Programu ilitumia Spring, mkusanyo wa zana za Java, na JmsTemplate ya kutuma pamoja na kontena la kupokea vilichukua CachingConnectionFactory moja, kiwanda kimoja cha miunganisho. Maana yake ni muunganisho mmoja wa TCP kwa kutuma na kupokea. Juu yake palikuwa na `jms.useAsyncSend=true` (kutuma bila kusubiri jibu la seva) kwenye anwani, zawadi ya mshauri aliyetaka kasi. Ghala likijaa, uzi (thread) wa seva unaosoma muunganisho ule unasimama ukisubiri nafasi. Nyuma ya ujumbe uliokwama kuna ukiri wa mpokeaji, "nimemaliza hii, ifute," ambao ungeachia nafasi, lakini hausomwi kwa sababu msomaji amesimama. Nafasi inasubiri ukiri, ukiri unasubiri nafasi. Ukiwasha upya programu, unapata pumzi kidogo kisha unarudi pale pale, na mtu anaapa kwamba tatizo ni mtandao.

Ukitaka kuthibitisha badala ya kubishana, chukua jstack ya seva, orodha ya nyuzi zake na kila uzi uko wapi, wakati wa mgando. Uzi wa usafirishaji unaonekana ndani ya waitForSpace. Nilikituma kipande hicho cha maandishi kwa kila aliyesema "zima tu", na simu zikapungua.

Marekebisho yalikwenda hivi. Kwanza, viwanda viwili vya miunganisho, kimoja cha watumaji, kingine cha wapokeaji, visikutane kabisa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Pili, `useAsyncSend` ikaondolewa kwa malipo; ujumbe wa kudumu nje ya muamala unasubiri jibu la seva, na kwa habari za pesa ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa takwimu zisizo za kudumu niliiacha, nikaongeza `jms.producerWindowSize=1024000`. Dirisha hilo linamfanya mtumaji ajisimamishe mwenyewe akishatuma baiti hizo bila seva kumkubalia, badala ya kuufunga muunganisho mzima. Lakini msidanganyike: dirisha linasaidia kikomo cha kumbukumbu. Ghala la diski likijaa, uzi unasimama uwe na dirisha au usiwe nalo.

Tatu, kumpa mtumaji jibu badala ya kumning'iniza:

`<systemUsage sendFailIfNoSpaceAfterTimeout="3000">`

Hapo seva inasubiri sekunde 3, nafasi isipopatikana inarudisha ResourceAllocationException. Programu inaikamata, malipo yanabaki kwenye jedwali la PostgreSQL yakiwa na alama ya "hayajatumwa", na kazi ndogo inayarudia baada ya sekunde 5, kisha 15, kisha 60. Msirudie papo hapo kwenye kitanzi. Mtaipiga seva iliyokwisha kuishiwa pumzi. Kila ujumbe uwe na namba ya muamala na mpokeaji akague kama ameishaishughulikia, vinginevyo mzazi mmoja Mbale anapata SMS tatu za karo moja na anapiga simu shuleni akidhani amekatwa mara tatu.

Kuanzia toleo la 5.16 mpangilio huo unaweza kuwekwa kwa kila foleni ndani ya `policyEntry`. Nimeupa foleni za `malipo.>` sekunde 3, na `takwimu.>` `sendFailIfNoSpace="true"`, zikataliwe hapo hapo. Takwimu zikipotea hakuna anayelia.

Kabla ya kuipeleka kwenye mashine halisi nilijaribu kwa ghala dogo. Weka `storeUsage` iwe 200 mb, zima wapokeaji wote, kisha:

`bin/activemq producer --destination queue://jaribio --messageCount 300000 --messageSize 1024`

Asilimia ya ghala inapanda machoni pako, inafika 100, na kosa linatoka. Kisha washa mpokeaji kupitia muunganisho wake na uangalie asilimia ikishuka. Isiposhuka, mahali fulani bado mnashiriki muunganisho, au DLQ imeshika faili. Kikomo cha majaribio kisiwe chini ya MB 32 za faili moja ya KahaDB, majibu yatakuchanganya.

Kwa ufuatiliaji ninasoma vipimo vichache kwa JMX, njia ya Java ya kusoma hali ya programu inayoendeshwa: StorePercentUsage ya seva, na BlockedSends na TotalBlockedTime (idadi ya utumaji uliozuiwa na jumla ya muda wa kuzuiwa) za kila foleni. Onyo linakuja kwenye simu ghala likifika asilimia 60, si 90, maana wikiendi ya karo kutoka 60 kwenda 100 si mbali. BlockedSends ikiongezeka huku ghala liko chini, hapo ndipo uangalie kumbukumbu na `memoryLimit`, na hapo tu ndipo aliyekushauri kununua RAM anaweza kuwa na hoja.