Nilivyotengeneza Magnetaiti Katika Maabara ya Shule

Magnetaiti, Fe₃O₄, ni oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, na ndani yake kila ioni moja ya chuma(II), yaani chembe ya chuma iliyopoteza elektroni mbili, huambatana na ioni mbili za chuma(III), zilizopoteza elektroni tatu kila moja. Nilipotaka wanafunzi wangu wa kidato cha sita waitengeneze wenyewe, hesabu haikuwa na shida: gramu 5.4 za kloridi ya chuma(III) na gramu 2.8 za salfeti ya chuma(II), zikiwa na maji yake ya fuwele, hutoa takriban gramu 2.3.

Kazi hasa ilikuwa kukilinda chuma(II) dhidi ya oksijeni, kwani kikigeuka chuma(III) uwiano huharibika na hupatikana tope la rangi ya kutu lisilojali sumaku. Kwa hiyo nilichagua fuwele za salfeti zenye ukijani mwepesi, nikaziacha zilizoanza kupiga manjano, kisha nikachemsha maji yaliyokenekwa ili kufukuza hewa iliyoyeyuka humo, nikayafunika yapoe. Chumvi zote mbili zilipokwisha kuyeyuka, nilimimina amonia huku nikikoroga kwa kasi, madirisha yote yakiwa wazi. Rangi ya machungwa ikawa nyeusi tititi papo hapo.

Sumaku niliitoa kwenye spika ya redio mbovu, nayo pia ni zao la oksidi ya chuma: ni feraiti, jamii ya sumaku iliyovumbuliwa na Yogoro Kato na Takeshi Takei huko Tokyo mwaka 1930. Nilipoweka bika, chombo cha kioo chenye mchanganyiko huo, juu yake, weusi wote ulijikusanya chini, nikamwaga maji ya juu na kuosha tena hadi harufu ya amonia ikaisha. Karatasi ya kuchujia sikuigusa, maana chembe hizo ni ndogo mno na huiziba.

Amonia ile yenyewe ina deni kwa magnetaiti, kwa kuwa viwandani naitrojeni na haidrojeni huunganishwa kwa kichocheo cha chuma chenye vitundu kinachobaki baada ya magnetaiti kuondolewa oksijeni. Mwanafunzi mmoja wa Ludewa akauliza kama sumaku ingetosha kusafisha chuma cha Liganga, eneo lenye madini ya chuma wilayani kwao. Nilimjibu kwamba ingetenga madini hayo na mawe ya kawaida, lakini titani, metali nyingine iliyojipenyeza ndani ya fuwele za magnetaiti huhitaji tanuri, ambamo hubaki katika mavi ya chuma, yaani taka zinazojitenga chuma kinapoyeyushwa.